Mshale Mahali Pake

Ile mita kuukuu ya mezani ya kupimia umeme ilikuwa ikisema uongo, na Machano peke yake ndiye aliyejua uongo wenyewe ni kiasi gani. Mafundi wenzake walizoea kuita kutoka chumba cha mbele, "Machano, inasoma kumi na mbili, nipunguze ngapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa.

Alipoomba kuondoka akaanze maisha kwingine, Bi Raya, mwenye karakana, alimwambia, "Mita ikisoma sawa bila wewe, nenda zako."

Leo begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Alifungua mita, akasafisha kwa spiriti swichi iliyoshika kutu, kisha akaiunganisha betri moja na mita zote mbili, ile kuukuu na mpya aliyoiazima. Akazungusha skrubu ndogo kwa bisibisi, taratibu, mpaka zote zikasoma sawasawa.

"Ukishaitengeneza hatukusumbui tena!" fundi mmoja akapaza sauti kutoka mbele, na wenzake wakacheka.

Machano hakucheka. Alilitazama begi. Huko aendako, nani angemwita kwa jina?

"Machano!" Bi Raya akaita. "Imekubali?"

Mshale ulikuwa umetulia mahali pake, haupepesuki hata kidogo.

"Bado, mama," akajibu, na mkono wake ukairudisha bisibisi kwenye skrubu.