Kopo la Skrubu

Vidonge vilikuwa vimepungua tena.

Seremala alimwaga kopo lote juu ya benchi, akavichambua kutoka kwenye skrubu alimovificha, akahesabu upya. Pakiti ya vidonge kumi aliifungua juzi, Jumapili asubuhi. Humeza viwili kwa siku, asubuhi na jioni, na leo alikuwa amemeza cha asubuhi tu. Hata aliyeishia darasa la sita anajua kwamba vilipaswa kubaki vitano. Vilikuwa vitatu.

Wiki iliyopita vilipotea vinne, akajidanganya kwamba alisahau. Leo hakuwa na cha kujidanganyia.

Mwizi alimjua. Jumapili mshonaji alikuja kumtembelea, akakaa kwenye benchi hilohilo, akawa anachezea makopo huku akimcheka.

"Mgongo wako una akili," alimwambia. "Unabeba mbao kutwa, hausemi neno. Nikisogea mimi, unauma."

Walikuwa na miezi mitatu ya kupendana, na kila walipofika pa kufika, mgongo uliuma. Mgongo wenyewe ulikuwa mzima kama nguzo. Alichokuwa nacho ni malengelenge ya sehemu za siri, yale daktari aliyoyaita hepesi. Hayaui mtu. Hayaponi pia. Yanalala, yanaamka yakitaka.

Daktari alimpa masharti: vidonge kila siku, kondomu kila mara, na ukianza kusikia mwasho kaa mbali kabisa. "Hatari itapungua sana, lakini haiishi," alisema. "Lililobaki ni kumwambia mwenzio. Hilo sina dawa yake."

Yale ya kwanza seremala aliyashika vizuri. Hilo la mwisho lilimkwama kooni miezi yote mitatu. Na sasa mshonaji amejivumbulia mwenyewe. Mwanamke aliyeambiwa si sawa na mwanamke aliyegundua. Huyu wa pili hasamehe.

Alirudisha kila kitu koponi, akatoka kupitia uani.

Uani baba yake alikuwa anapiga pasi shati. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mzee, na mzee mwenyewe siku hizi alikuwa hatulii. Mara achukue skrubu akakaze kitanda, mara apige pasi, mara ajipake manukato, eti anakwenda kucheza drafti. Miaka saba tangu afiwe na mkewe hakuwahi kujali kola. Hata zahanati ameacha kwenda, tangu binti wa jirani apewe kazi kwenye dirisha la dawa. "Yule ana mdomo," alisema, na habari ikaishia hapo.

"Mbio hizo ni za wapi?" baba aliuliza.

"Kwa mshonaji."

"Na mgongo?"

"Mgongo mzima, baba."

Mzee alimtazama kidogo, akarudi kwenye kola. "Mficha uchi hazai," alisema, kama anayeliambia shati.

Seremala hakuwa na nafasi ya methali. Alipita.

Mshonaji alikuwa peke yake dukani, pini tatu mdomoni, anakunja pindo la gauni la mtu. Alizitoa pini alipomwona.

"Leo mgongo umeuacha wapi?"

"Acha cherehani kidogo," alisema seremala. "Nina neno."

Alilisema akiwa amesimama, kwa mkupuo, kuanzia jina la ugonjwa hadi masharti ya daktari. Mshonaji hakucheka.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Na zile siku za mgongo?"

"Nyingine zilikuwa za mwasho. Nyingine za woga."

"Ukimeza dawa, ukivaa kinga, naweza nisiupate?"

"Unaweza usiupate. Kukuapia siwezi."

Mshonaji alichomeka pini moja moja kwenye mto wake mdogo wa pini, bila haraka, na seremala akazihesabu zote tatu.

"Mimi nilidhani una mke mahali," alisema mwishowe. "Nimekonda bure."

"Sasa?"

"Sasa Alhamisi unanipeleka kwa huyo daktari, nimsikie kwa masikio yangu. Nikitoka hapo nitakujibu. Na mpaka hapo usinishike hata mkono. Si kwa ugonjwa. Ni kwa hasira za miezi mitatu ya mgongo."

Seremala, kama kawaida ya mtu aliyeponea chupuchupu, akaropoka.

"Ungeniuliza tu tangu Jumapili, ulipovichukua."

"Nilipochukua nini?"

"Vidonge. Kwenye kopo la skrubu."

"Bwana wee," alisema mshonaji, "mikono hii inashika hariri. Skrubu zako zenye kutu nizichokore za nini?"

Alirudi polepole, akihesabu tena kichwani. Vitano. Vitatu.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, shati limenyooka, manukato yanafika barabarani. Ubao wa drafti ulining'inia palepale ukutani, una vumbi la mbao la mwezi mzima. Kopo la skrubu lilikuwa mapajani mwake, na kidonge kimoja kiganjani.

"Umemwambia?" mzee aliuliza.

"Nimemwambia."

Mzee ndiye aliyemfundisha kushika randa, kunoa patasi na kufunga mdomo. Sasa alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Basi keti unifundishe kusema," alisema. "Wangu ananingoja saa kumi."