Jino Juu ya Bati

Bibi alikwishalirusha jino kabla kocha hajafika na kikombe cha maziwa. Liligonga bati la kibanda cha wachezaji, likabingirika, kisha kimya.

"Panya, panya, chukua hili, mletee jipya," Bibi alimalizia, kama alivyofanya kwa kila jino la utoto la Radhamés.

"Mama, huyu ana miaka kumi na tisa," kocha alisema. "Tungeliweka kwenye maziwa, daktari angelirudisha. Jino la ukubwani halioti tena."

"Ungemvalisha kinga ya meno, leo usingenifundisha kazi."

Radhamés alikaa na kitambaa mdomoni. Mpira wa besiboli ulikuwa umeling'oa lote, pamoja na mzizi. Mwenzake mmoja akapanda juu ya kibanda, akapekua kila mkunjo wa bati.

"Jino halipo," alisema kutoka juu. "Kuna alama za vijiguu tu. Zina damu."



Radhamés akaondoa kitambaa. Damu ilikuwa imekatika. Akapeleka ulimi pengoni, akaurudisha upesi.

"Bibi," alisema polepole, "limeshaota. Mbona jembamba hivi, kama la panya?"

Akagusa tena.

"Na mbona haliachi kurefuka?"