Siri ya Watu Wawili

Sahani ya Mboni ilirudi na futari yake ndani. Muhogo wa nazi haukuguswa. Kipande cha samaki kilikuwa palepale alipokiweka. Hafsa, jirani yake kwa miaka ishirini hapo Makorora, aliitua barazani akaondoka bila neno.

Mboni akafuturu peke yake, siku ya kumi na tisa mfululizo.

Mwezi wa Shaabani alikuwa bado mtu na watu wake. Harusi haikupikwa mtaani pasipo yeye kuitwa. Kisha zikavuma habari kwamba amemchongea kwa polisi mwanawe wa kumzaa. Dukani watu wakawa wananyamaza akiingia. Msikitini, upande wa wanawake, mkeka ukabaki mtupu kulia na kushoto kwake.

Na habari zenyewe zilikuwa za kweli. Tahiri, mwanawe wa pekee, alikuwa ameanza kukutana na wageni kule Pongwe, watu waliokuwa wakiwachukua vijana kwenda kupigana ng'ambo ya mpaka. Mboni alilia siku tatu. Ya nne akamwendea Afande Lucas kituoni.

"Mkamateni, afande, kabla hajaua mtu au hajauawa," alimwambia.

Lucas aliapa kwamba siri ile ingebaki ya watu wawili.

Tahiri hakukamatwa. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unajua. Mboni alingoja mwanawe aje juu, amtukane hata. Hakufanya hivyo. Alimbusu mkono, akasema, "Unisamehe, mama, kwa haya yanayokupata," akatoka na begi dogo. Hakurudi tena.

Aliyebaki kubisha hodi ni Lucas tu. Alikuja kila Ijumaa bila sare, akaketi kidogo barazani.

"Stahimili, mama," alikuwa akisema.

Hakuuliza hata mara moja Tahiri yuko wapi. Hilo ndilo lililomkosesha Mboni usingizi. Askari gani huyu, asiyetaka kujua aliko mtuhumiwa wake? Na siri ile nani mwingine aliijua? Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona: Lucas aliwauzia siri wale watu wa Pongwe, nao wakamtorosha mwanawe mapema.

Siku ya ishirini alijitanda baibui lake, akaenda kituoni kumwona mkubwa wa Lucas, Inspekta Leticia.

"Shikamoo, mama," Leticia aliinuka.

"Marahaba. Lucas wenu ni ndumilakuwili," Mboni alisema kabla hajaketi. "Mnapigana na magaidi, na mtu wao mnaye humu humu ndani."

Akaeleza yote. Alipomaliza, yule inspekta alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi mzima kwa mtu kukaa karibu na Mboni kiasi kile.

"Alfajiri ya leo tumewakamata wote, mama. Watu tisa. Kwa hiyo sasa naruhusiwa kukwambia. Ni kweli, Lucas ndiye aliyeieneza siri yako. Nilimwamuru mimi."

"Wewe?" Mboni aliuliza. "Mkaniacha nitengwe kama mwenye ukoma? Nimekukoseeni nini?"

"Hukutukosea. Tulikuwa na mtu wetu ndani ya kundi lile, tangu kabla hujaja hapa. Walimtilia shaka. Hawakumwonyesha lolote wala hawakumpeleka kokote. Walimwamini siku waliposikia kwamba mama yake mzazi amemchongea."

Mboni alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu?" alinong'ona.

"Yu hai, mama. Na wazo la kuieneza lilikuwa lake."