Mdomo wa Mama Kanga

Kila asubuhi Kuku alichakura kichuguu, akarudi nyuma, akawaita vifaranga wake: "Tazameni, mchwa wanatoka humu." Vifaranga wakashangilia: "Kichuguu oyee!"

Jirani yake, Kanga, aliona wivu. Yaani wanawe waje wausifu udongo, na mama yao yupo? Basi akawa anachimba peke yake nyuma ya ua, kisha anawalisha mdomo kwa mdomo.

"Chakula kinatoka wapi?" aliwauliza.

"Mdomoni mwa mama!"

"Umesikia, shoga?" alimringia Kuku. "Wangu wananijua mimi tu."

Mara ndui ikaingia. Kuku na Kanga wakalala hoi, midomo imevimba. Vifaranga wa Kuku wakaenda kichuguuni, wakachakura, wakamletea mama yao mchwa. Kanga alipoona hivyo, roho ilimuuma.

"Na nyinyi nendeni mkachimbe, wanangu," alinong'ona.

Wanawe wakatazamana.

"Mama amekuwa mchoyo siku hizi," alisema mkubwa wao. "Chakula anacho, hataki tu kufungua mdomo."

Wakamzunguka, wakaanza kuudonoa ule mdomo uliovimba.