Kamba Kwenye Kishikio

Desmond aliachia kishikio cha mashine ya kukatia nyasi, akapiga magoti atoe majani mabichi yaliyokwama.

Kwa kawaida ukikiachia, mashine huzimika. Lakini asubuhi alikuwa amekifunga kwa kamba, maana vidole vyake vina baridi yabisi.

"Miaka arobaini nakata nyasi, mke wangu, leo ndio unifunze?" alinicheka nilipomkanya.

Vifaa vyake vya kusikia, alivyovivua kukwepa kelele, vilikuwa hapa dirishani kando ya chai yangu.

"Desmond! Haijazima!"

Mkono wenye glavu ukaingia chini ya mashine.

Nikamrushia kikombe. Kikampata kisogoni, akageuka amefura kwa hasira.

"Una wazimu?"

Nyuma yake mashine ilikuwa ikitema vipande vya glavu. Sikuthubutu kuutazama mkono.