Krimu ya Yai ya Mzee Hyman

"Hii si krimu ya yai," alisema Mzee Hyman Zelnick, akairudisha glasi. "Haya ni maziwa ya chokoleti yenye kiburi."

Marvin aliipokea glasi. Angefungua mdomo angetukana, na aliyelala kitandani ni baba yake mzazi.

Mireille, muuguzi wa zamu, alikuwa akinyoosha shuka. Aliuliza tena swali lake la siku zote: kinywaji hakina yai, hakina krimu, kwa nini kiitwe krimu ya yai?

"Zamani kilikuwa na yai," alisema mzee.

"Jumapili iliyopita ulisema ni neno la Kiyidi, lugha yenu Wayahudi, lililopinda, maana yake 'halisi'."

"Na hiyo ni kweli pia. Kweli ya tatu ni kwamba tulikuwa maskini, tukajipa jina la kitajiri. Chagua unayoipenda, binti. Nimekiuza maisha yangu yote pale Brooklyn, na aliyekionja hakuniuliza habari ya jina. Jina halina kosa. Mwenye kosa ni huyu anayelibandika kwenye kila takataka."

Huyu, yaani mwanawe wa pekee.

Marvin alikuwa amepata kazi Arizona. Mkewe Elaine na binti yao Robin walishatangulia tangu masika, wakapanga nyumba, wakawa wanamngoja. Mzee alikataa katakata kuwafuata, eti jangwani watu huenda kukaushwa kama samaki. Siku alipoambiwa habari ya safari alitoa sharti.

"Niletee krimu ya yai inayostahili jina lake. Moja tu. Halafu nenda na baraka zangu."

Marvin alicheka siku hiyo. Alikulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake. Aliona ni kazi ya dakika mbili. Angeweza pia kuondoka bila baraka, wapo wanaoondoka hivyo, lakini yeye alijijua. Asingepata usingizi huko Arizona.

Basi kiangazi kizima kikaishia hapo. Ya kwanza aliinunua Brooklyn, povu likamfia darajani kabla hajafika Bronx kwenye nyumba ya wazee. Akajifunza kubeba kila kitu chake peke yake na kuchanganyia palepale kitandani: maziwa, maji ya gesi, shira ya chokoleti. Mzee akasema povu ni la kahawia, na povu la krimu ya yai ni jeupe, mtoto mchanga anajua. Povu lilipokuja jeupe, akasema gesi imelala. Gesi ilipoamka, akasema, "Unakoroga kama mtu aliyedondosha pete. Nikifa usiniwekee hii kaburini, hata wadudu watahama."

Arizona nako walichoka. Mwajiri alimwambia Marvin aripoti wiki hiyo au abaki na baba yake moja kwa moja.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya joto la kuchemsha ubongo. Marvin alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na gari lake halikuwa na kiyoyozi. Barabara kuu ilifungwa kwa ajali, akakaa humo hadi barafu yote kwenye kasha la maziwa ikageuka maji. Alifika shati limemganda mgongoni, amejaa hasira hadi kooni. Alimchukia mwenye ajali, akamchukia aliyebuni kinywaji kile, na kwa kitambo akamchukia hata baba yake.

Alianza kuchanganya bila salamu. Simu ya chumbani ikalia, mzee akainyanyua.

"Robin! Ndiyo, mpenzi, yupo hapa, ananitengenezea ile sumu yake." Akasikiliza. Tabasamu likamfifia polepole. "Unaogopa kulala bila baba, kila usiku? ... Hapana, babu hacheki. Hata watu wazima huogopa ... Nimekusikia, mpenzi. Nimesikia."

Akaiweka simu chini taratibu.

Marvin alimimina maji ya gesi mgongoni mwa kijiko kama alivyofundishwa utotoni. Povu likapanda jeupe, likasimama juu ya ukingo wa glasi. Alimkabidhi baba yake, akageukia dirishani. Hakutaka kuuona ule uso ukijikunja.

Mzee aliinusa. Akatulia kidogo. Kisha akanywa.

Marvin alisubiri kejeli, haikuja. Alipogeuka, mzee alikuwa akifuta mdomo kwa kiganja, machozi yakimlengalenga.

"Hii," alisema Mzee Hyman, "ndiyo krimu ya yai. Sasa toka hapa uende kwa mkeo na mtoto."

Marvin alimkumbatia hadi mzee akalalamika mbavu. Alitoka chumbani ameshika trei yenye glasi na chupa zake, akicheka peke yake. Akamkuta Mireille kwenye meza ya wauguzi.

"Amekubali! Hebu na wewe uonje, ujue jina lenyewe linamaanisha nini."

Akamtengenezea kwa maziwa yaliyobaki, vilevile, povu jeupe. Mireille alipiga funda moja, akakimbilia sinki. Alirudi akijifuta midomo.

"Marvin, wewe umeyaonja haya maziwa?"

Alikuwa hajayaonja, chokoleti ilishamkinaisha tangu Julai. Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Hata kwa mafua yale hakuhitaji kurudia. Maziwa yalikuwa yamechacha.

Akaitazama glasi ya baba yake kwenye trei. Haikuwa imebaki na tone.