Nipe Mji

Timu ya mpira wa kikapu ya mji wao ilipofungwa fainali, Bi Mwanashehe alisimama mbele ya gari la mwenye timu, yule aliyemuuza mfungaji wao hodari wiki hiyohiyo, kisha akawalaumu mashabiki kwamba hawanunui tiketi.

"Kitendawili," alisema.

Mashabiki wakajibu, "Tega."

"Kuku wangu akikaribia kutaga, namuuza. Kisha nawagombeza majirani hawanunui mayai."

Mwenye timu akashusha kioo, akicheka. "Sijui, bibi. Nipishe."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, chukua mji wowote unaoutaka."

"Nautaka huu huu. Pamoja na timu yake."

Kicheko kikamkauka. Bibi akazunguka hadi dirishani, akaingiza mkono, kiganja wazi, na nyuma yake mikono ya mashabiki ikaanza kunyooka, mmoja baada ya mwingine.